Mmoja Amepoa, Mmoja Anachemka

Nisogezeeni huo mkeka karibu na ukuta nipate pa kuegemea. Nyonga yangu ya kushoto haitaki sakafu tupu, na sababu mtaisikia nikifika huko. Haya. Saumu, nawe usinigeuzie mgongo. Mama yako ndiye aliyeniita. Asema umerudishwa kutoka hospitali, homa imekwisha, lakini hutaki kusimama, hutaki kula, wasema miguu si yako. Nami kuna wakati miguu haikuwa yangu. Basi nisikilize. Na nyinyi wengine mliokuja kumtazama mgonjwa, karibuni, lakini atakayenikatiza nitamnyamazisha. Mwanijua.

Mimi Mwanakombo, mzaliwa wa hapa hapa Kisauni. Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa miguu. Wako watu wa mdomo, wako watu wa mikono, mimi nilikuwa mtu wa miguu. Kukiwa na harusi Kongowea au maziko Mtopanga, nilikwenda na kurudi kwa miguu, na nikifika nyumbani nikashika mwiko. Mume wangu Omari alipoandikwa jeshi akapelekwa ng'ambo, vita vikiwa vimepamba moto, nyumba ilibaki na wanawake watatu: mimi, wifi yangu Rukia, na mavyaa wangu Bi Tima, mama yao, huyo mliyempita hapo barazani na kawa yake ya kufunikia chakula mapajani.

Siwafichi, mimi na mavyaa tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Hakuwahi kuniita jina. Aliniita "mke wa Omari," kama mtu anayesema "kiti cha Omari." Nami nilimwitika "abee, mama," na moyoni nasema mengine. Lakini Rukia! Rukia alikuwa ameachwa na mumewe akarudi kwao, na mnajua mambo ya mawifi, watu walitungoja tupigane. Wakangoja mpaka wakachoka. Ulimi wake ulikuwa pilipili, lakini pilipili ya kitoweo, si ya jichoni. Aliniambia, "Wifi, kaka yangu hakukuoa kwa sura. Aliona hiyo miguu mirefu akasema, huyu ataniangulia nazi bila ngazi." Nami nikimwambia, "Na mumeo alikuacha kwa sababu alitaka kulala, wewe wasema hata ukiwa usingizini." Basi twacheka mpaka mavyaa atutupie ufagio.

Kila mwaka masika yakishapita, hufuata kipupwe, ule upepo wa baridi wenye manyunyu. Njia zina tope, nyasi zimefika kiunoni, wazee wakohoa, na nguo hazikauki. Watu hujikunyata majumbani. Kisha siku moja waamka waona kusi imelegea, jua limerudi, na mchanga waanza kuunguza nyayo. Hapo mimi na Rukia tulishikwa na wazimu wetu. Tulitia muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga kikapuni, tukaenda mandari Nguu Tatu.

Njia ile mwaijua. Yatoka hapa yapita kwenye minazi, kisha mikorosho ya watu, kisha mchanga wageuka udongo mwekundu wenye vijiwe, na mlima waanza polepole kama mtu asiyetaka ujue kwamba ni mlima. Ukifika juu, upepo wakupokea. Upande huu waona bahari yote, upande ule vilima vya Rabai, na nyumba yako ulikotoka huioni hata ukiitafuta. Hatukuwa na kazi huko. Tulikwenda kukaa, tule, tuimbe, turudi. Mavyaa alikuwa akituuliza kila mwaka, "Mwaenda kutafuta nini huko juu? Mmepotelewa na mbuzi?"

"Twaenda kutafuta upepo, mama," Rukia amjibu.

"Upepo! Na huu uliopo hapa ni wa nani?"

Mwaka ule joto lilirudi kwa nguvu. Tulifika mlimani mchana tukiwa tumechoka kwa kiu, maana maji tuliyobeba tuliyamaliza njiani kwa kucheka. Chini ya mlima kulikuwa na kijisima, si kisima hasa, shimo tu la maji ya mvua zilizopita, rangi yake kama chai ya mkandaa isiyo maziwa. Rukia akachota kwa kifuu. "Kunywa, wifi. Maji ya mlimani dawa." Akanywa yeye, nikanywa mimi. Baridi yake naikumbuka mpaka leo. Sisemi kwa kiapo kwamba ndiyo maji yale. Lakini daktari baadaye alituuliza tulikunywa wapi, na tulipomwambia alitikisa kichwa.

Siku zikapita, hatuna habari. Kisha kichwa. Si kichwa hiki cha jua, la. Kichwa cha kutaka kujigonga ukutani. Rukia akatokwa na damu puani. Tukasema ni homa ya mbu. Tukanywa kwinini mpaka masikio yakavuma. Mavyaa akatufukiza kwa majani ya mwarobaini, sote wawili chini ya blanketi moja, twatoka jasho na bado Rukia ananong'ona, "Wifi, leo tumekuwa mikate ya kumimina." Homa haikushuka. Kila jioni ilipanda kidogo kuliko jana yake. Tumbo likajaa kama ngoma, ukiligusa wapiga ukemi. Kwanza choo kilifunga, kisha kikafunguka, na nawaambia, kilikuwa maji ya kijani kibichi na manjano, kama mchuzi wa pojo. Msikunje pua! Ushuhuda bila choo ni hadithi ya kulalia watoto. Ulimi ulikauka ukawa na gome. Midomo ilipasuka. Nikawa sijui usiku wala mchana, nanyofoa nyuzi za mkeka, nazungumza na Omari kama yupo.

Majirani wakatuchukua kwa vitanda vya kamba, kitanda mbele na kitanda nyuma, kama maziko mawili. Tulipopita juu ya daraja la Nyali, lile la kuelea, kitanda kikayumba, nikadhani nimeshakufa nazamishwa baharini. Nilimsikia Rukia nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo, "Wabebaji, taratibu, mmebeba warembo." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya utani ninayoyakumbuka.

Hospitali ile ilikuwa kule kisiwani, na jina lake sitalitaja kwa sababu sina ugomvi nayo. Tulilazwa chumba cha wagonjwa wa homa, vitanda viwili vimekaribiana. Daktari alikuwa Mzungu wa maneno machache. Aliyekuwa akitugeuza, akitusafisha, akitutia maji mdomoni kwa kijiko, ni dresa mmoja kijana wa bara, jina lake Yohana. Mtu mpole sana. Alimwambia mavyaa siku ya kwanza, "Mama, hawa hawali. Maziwa tu na maji. Utumbo wao una vidonda, chakula kigumu ni kisu." Na mavyaa akalishika neno lile kama aya. Kila siku alitoka Kisauni kwa miguu, akavuka daraja, akasimama barazani dirishani, kwa sababu kuingia ilikuwa ni alasiri tu na kwa muda mfupi. Akimwona jamaa wa mgonjwa mwingine na kipande cha mkate, alimfukuza yeye mwenyewe. "Hukusikia? Ni kisu!"

Sasa nisikilizeni hapa vizuri.

Asubuhi moja mavyaa yupo barazani. Yohana akatoka mbio, mikono ya shati imekunjwa, akamwona, akamhurumia, akamwambia, "Mama, yule mmoja, binti yako, amepoa. Huyu mwingine bado anachemka. Ngoja, namwita daktari." Akaenda zake.

Saumu, mwanangu, mtu akikujia hapa akakuuliza, "Umepoa?" wamjibu nini? Si wasema, "Nimepoa, alhamdulillahi"? Kwetu sisi tangu babu na babu, mgonjwa aliyepoa ni mgonjwa aliyepona. Lakini Yohana mtu wa bara. Kwake yeye kupoa ni kwa uji. Alikuwa amemshika Rukia mkono, ule mwili uliokuwa ukiwaka siku zote, akaukuta baridi kama sakafu, jasho jembamba, mshipa haupatikani vizuri. Damu ilikuwa yavuja ndani, tumboni. Yohana alimpa mama yule habari mbaya kwa upole, kwa Kiswahili chake. Mavyaa akaipokea kwa Kiswahili chake. Akapiga vigelegele pale pale barazani.

Hakumngoja daktari. Angengoja nini, na mwana amepona? Akarudi Kisauni mbio, mwanamke mzima na umri ule, awaambia watu njiani, "Rukia amepoa! Rukia wangu amepoa!" Watu wakamwuliza, na mke wa Omari? Akasema, "Yule bado anachemka, masikini." Na kwa kuwa nilikuwa nimechemka siku nyingi kuliko mtu awezavyo, wanawake wakaelewa. Wakaanza kunitafutia sanda. Wakati ule bafta ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, hata kwa maiti haikupatikana. Walipita nyumba kwa nyumba, huyu atoa kipande, yule atoa kipande, wakashona.

Na mavyaa akafungua sanduku lake. Mlikuwa wadogo, hamkumbuki, lakini miaka ile mchele ulipotea. Tulikula mahindi ya manjano mpaka tukasahau rangi ya wali. Ndani ya sanduku kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo kibaba cha mchele alichokificha kwa ajili ya siku Omari atakaporudi kutoka vitani. Akautoa wote. Akakuna nazi. Akapika.

Kwetu mgonjwa akipoa, mama yake ndiye humtia tonge la kwanza kinywani, kwa mkono wake. Na ule mwiko wa Yohana, kwamba wasile, ulikuwa wa wagonjwa. Rukia si mgonjwa tena, ameshasemwa amepoa. Basi mavyaa akaficha bakuli ndani ya buibui, asiwatie uchu wagonjwa wengine, akaingia alasiri. Alimkuta Rukia ametulia, macho meupe, akili imerudi, hapapariki tena. Rukia akamtazama akamwambia, "Mama, nasikia baridi."

Mavyaa akamjibu, "Ndiyo kupoa huko, mwanangu."

Haya yote alinisimulia yeye mwenyewe, baadaye sana. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nawaka, sijui lolote. Nakumbuka kitu kimoja tu: harufu ya tui la nazi. Nikadhani kuna harusi na mimi nimechelewa kuvaa.

Rukia alikula tonge la kwanza, akala la pili. La tatu likamshinda. Akaonyesha kidole kitanda changu, akasema, "Mpe wifi." Mavyaa akamwambia, "Wifi yako bado." Akamfuta midomo kwa leso.

Kabla ya magharibi Rukia alikuwa amekufa.

Yohana alipoliona bakuli hakupiga kelele. Alikaa chini, pale sakafuni, akamwambia, "Mama, si nilikwambia amepoa?"

"Ndiyo. Uliniambia amepoa."

"Alikuwa baridi, mama. Mwili ulikuwa baridi."

Wakatazamana. Mavyaa anasema hapo ndipo alipoelewa, na hakuelewa kidogo kidogo, alielewa mara moja. Daktari alikuja akamwambia kwa kinywa cha Yohana kwamba si wali. Utumbo ulikuwa umekwisha toboka tangu asubuhi, damu imekwisha jaa, angekula asingekula ni mamoja. Mavyaa akamjibu, "Kwani nani aliuona huo utumbo?" Na ile sanda iliyoshonwa vipande vipande kwa ajili yangu, ndiyo aliyozikwa nayo Rukia.

Mimi nilizinduka siku nyingine, sijui ya ngapi. Nilitazama kitanda cha pili nikaona godoro limekunjwa. Nikauliza, Rukia yuko wapi? Yohana akasema, "Amekwenda nyumbani." Nikakasirika! Wallahi nilikasirika. Nikasema, tazama mwanamke huyu, amepata nafuu akaniacha peke yangu na wagonjwa nisiowajua. Mavyaa akija dirishani namwambia, "Mwambie Rukia nikitoka nitamkomesha. Mwambie aniletee leso yangu ya zambarau, najua yeye ndiye aliyeichukua." Mavyaa alikuwa akinijibu, "Nitamwambia." Siku zote alinijibu hivyo hivyo, "Nitamwambia," na mimi sikuona chochote usoni mwake.

Niliporudishwa nyumbani nikaikuta leso ya zambarau imekunjwa juu ya kitanda changu, imefuliwa, na kitanda cha Rukia hakipo. Sikuuliza. Niliishika ile leso nikailia mpaka nikatapika.

Sasa mwili. Nywele zilitoka kwa mafungu, nikishika kichwa zabaki mkononi. Nyonga hii ilikuwa na kidonda cha kulalia, shimo la kuingia kidole, na mavyaa alikuwa akiliosha kwa maji ya chumvi huku mimi namtukana. Miguu yangu niliyosifiwa ilikuwa vijiti vya kuchokolea makaa. Nilitambaa kwenda chooni, mimi, mtu wa miguu. Na nikasema kama wewe unavyosema, Saumu: basi, niacheni. Nikitembea nitembee kwenda wapi, na nani? Njia ile ilikuwa yetu watu wawili.

Mavyaa hakunibembeleza, si tabia yake. Alinipa uji, maziwa, ndizi za kuponda. Wali, hapana. Mchele ulipoanza kupatikana tena kidogo, mtu akituletea, aliupeleka kwa jirani siku hiyo hiyo. Na kuna neno lilikufa katika nyumba yetu. Hata chai alikuwa hasemi imepoa, alisema "imetulia." Kila asubuhi aliniamsha kwa kunishika wayo. Kisha asema, "Una joto." Basi, ndiyo salamu yetu. Mwanzoni nilimwona mwehu. Baadaye nikawa siwezi kuamka mpaka anishike.

Yohana alikuja mara moja, siku yake ya mapumziko, akavuka daraja mpaka kwetu. Akakaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, hanywi. Mavyaa ndiye aliyesema. "Baba, wewe ulisema kweli. Nami nilisikia kweli. Kunywa kahawa." Yule kijana akalia kama mtoto. Alipokuwa aondoka akanichungulia mlangoni akasema, "Dada, tembea. Kidogo kidogo, lakini tembea. Miguu husahau."

Nikachukua mchi. Ule mchi mrefu tuliokuwa tukitwangia na Rukia, yeye upande huu mimi upande ule, nikaufanya mkongojo. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikaanguka. Mlangoni mpaka jikoni. Jikoni mpaka kwenye mkorosho wa kwanza, nikakaa chini nikahema kama mbwa, nikarudi. Masika yakanifungia ndani, nikatembea ukumbini, ukuta kwa ukuta. Kipupwe kikaja, mifupa ikauma yote, nikamlaani kila aliyesema nimepona.

Kisha asubuhi moja nikaamka, upepo umelegea. Nikatoka uani nikakanyaga mchanga. Ulikuwa moto. Nikasimama pale pale nyayo zinaungua, nalia, na sijui nalia kwa furaha au kwa Rukia. Nikaingia ndani nikamwambia mavyaa, "Mama, leo naenda Nguu Tatu." Akavaa buibui lake, akachukua kikapu kilichofunikwa kwa kawa.

"Mama, na wewe waenda wapi?"

"Nimepotelewa na mbuzi," akasema, akatangulia.

Tulikwenda polepole, mtu na mkongojo wake na mtu na magoti yake. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na harufu ya nyasi zinazokauka ilijaa njia nzima. Jasho likanitoka. Mwaka mzima jasho kwangu lilikuwa la homa tu. Siku ile lilikuwa jasho la mtu aliyetembea, nikaliacha lishuke, sikulifuta. Nilifurahi, jamani, na nilikuwa nikiona aibu kufurahi. Kila jiwe lilikuwa na neno la Rukia juu yake. Hapa aliteleza. Hapa alikaa akakataa kwenda mpaka nimsifu. Tulipofika kwenye kile kijisima, mavyaa alisimama akakitazama muda mrefu. Kisha akatoa chupa ya maji aliyoyachemsha, akanipa.

Juu tulikaa upande wa bahari. Upepo ulikuwepo kama zamani. Mavyaa akatazama huku na huku akasema, "Kumbe ndiyo huu upepo wenu." Kisha akafunua kikapu. Wali. Wali wa nazi, mweupe, na ile harufu. Nikamtazama, yeye hanitazami, anatazama bakuli.

Akasema, "Juzi nilivuka daraja. Nikamwuliza Yohana, mke wa Omari aweza kula wali? Akasema aweza. Nikamwuliza tena, kwa Kiswahili changu. Kisha nikamwuliza kwa Kiswahili chake. Kisha nikamwambia anipeleke kwa daktari amwulize kwa Kizungu, mimi nikiwa nimesimama pale. Kote wamekubali."

Akafinyanga tonge. Akaliinua mpaka mbele ya midomo yangu, likabaki pale, hawezi kulisogeza zaidi. "Kula," akasema. "Kula, mwanangu."

Nikafumbua mdomo.

Nilipomeza alinishika mkono, akaukamata kwa nguvu. "Una joto?"

Nikamwambia, "Nachemka, mama." Hapo ndipo tulipolia, kilio ambacho hatukukilia siku ya maziko, yeye kwa kuwa aliganda, mimi kwa kuwa sikujua. Tukala wote. Chumvi ilikuwa imezidi kweli kweli. Sijamwambia mpaka leo, na atakayemwambia atanitambua.

Omari alirudi vita vilipokwisha, mzima, na tukamwonyesha kaburi. Mimi na mavyaa hupanda Nguu Tatu kila joto likirudi. Namshukuru Mungu kwa pumzi hii, nawashukuru waliobeba vitanda, na Yohana popote alipo Mungu amtunze. Nyinyi mlio wazima, chemsheni maji hata kama kisima ni cha babu yenu. Msimlishe mgonjwa kwa mapenzi tu. Na mkiambiwa neno hospitalini, msione haya kumwuliza aliyelisema, wamaanisha nini? Tena na tena, hata akiwaona wajinga. Kuonwa mjinga hakumziki mtu.

Nawe Saumu, umesikia huko nje? Kimya. Kusi imelegea tangu jana. Mama yako anasema jana alimtafuta mavyaa mchana kutwa hakumpata kwake. Hakumpata kwa sababu alikuwa amevuka daraja, na magoti yake yale, kwenda kuuliza habari zako, kama waweza kula. Ameuliza kama kawaida yake, mpaka wakamchoka.

Mama! Ingia sasa, na kawa yako. Nyinyi mpisheni.

Geuka, Saumu. Huyu hatakuambia umepoa. Atakushika mkono kwanza. Mpe mkono.